Prado 150: nibaki na rimu za 18, nishuke 17, au nipande tairi za 285?

Mkaazi wa Syokimau

Habari zenu wakuu. Nina Prado 150 ya 2013, injini ya 2.7 ya petroli. Ilikuja na rimu za inchi 18 na tairi 265/60R18 za lami (H/T). Meno yamebaki milimita tatu hivi, na sitaki kungoja yafike kwenye alama ya mwisho ya 1.6 ndipo nianze kukimbizana na maduka.

Siku tano za wiki ni Mombasa Road. Lakini mara mbili kwa mwezi nateremka Magadi hadi Shompole kuangalia visima, na Desemba tumepanga na familia kwenda Marsabit kisha Loiyangalani. Nimeshauriwa mambo matatu: nibaki na 18 ila nivae A/T (za lami na vumbi pia), nitafute rimu za 17 na A/T 265/65R17, au niende 285/70R17 za matope (M/T). Kila anayenishauri ana uhakika. Naomba mwenye uzoefu anieleze kwa sababu, si kwa sura ya gari.

Dereva wa Magadi

Mkubwa, njia hiyo nimeipita miaka tisa. Anza na ubavu wa tairi, meno baadaye.

Hadi Magadi ni lami, hata tairi zako za sasa zinafika. Kazi inaanza ukishavuka ziwa kuelekea Nguruman na Shompole. Kule kuna mawe meusi ya volkano. Jiwe lililonikata mimi halikuzidi ukubwa wa kisosi. Lilikuwa limesimama kwa ncha pembeni mwa njia ya magurudumu, nami nilikuwa nampisha mchungaji na mbuzi wake. Sikusikia mlipuko wowote, ni pumzi tu, fyuuu, kisha usukani ukavuta kushoto. Nilipochuchumaa kuangalia nikakuta mpasuko wa urefu wa vidole vitatu ubavuni, nyuzi zimetokeza kama za gunia lililochanika. Pancha ya usoni unaiziba kwa plagi dakika tano na unaendelea. Ya ubavuni hakuna fundi atakayekuzibia uipeleke tena barabarani kwa usalama. Tairi hiyo ilikuwa na meno mazuri kabisa.

Kwa hiyo mpira ukiwa mrefu kati ya rimu na ardhi, tairi ina nafasi ya kubonyea na kulikubali jiwe. Ukiwa mfupi, jiwe linaubana kwenye ukingo wa rimu, na hapo ndipo unapokatika.

Mwalimu wa Rongai

Naongeza hesabu juu ya maneno ya Dereva, maana hapa hesabu inaamua mengi.

Kwenye 265/60R18, 265 ni upana kwa milimita, 60 ni ubavu kwa asilimia ya upana huo, 18 ni inchi za rimu. Kimo chake chote ni milimita 775. 265/65R17 ni 776. Hata 265/70R16 ni 777. Gurudumu ni lile lile kwa nje. Kinachobadilika ni chuma kupungua na mpira kuongezeka. Ubavu wa 18 ni milimita 159, wa 17 ni 172. Ukishuka 17 unapata milimita 13 za mpira bila kugusa spidomita, gia wala madigadi. 16 ingekupa 185, lakini usiinunue kabla ya kuijaribu gurudumu la mbele, kwa sababu kalipa ya breki (kile chuma kinachobana diski) inaweza kugusana na rimu.

Sasa 285/70R17. Kimo chake ni 831, yaani imezidi kwa 55. Watu husikia 55 wakafikiri gari limenyanyuka hivyo. Limenyanyuka nusu yake tu, 27, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Na kila mshale ukisoma 100, wewe unakwenda kama 107. Injini ya 2.7 ya petroli itaihisi kila unapopanda kutoka bondeni kurudi Kiserian gari likiwa na mzigo.

Kijana wa Ngong

Mimi niko upande wa 285. Nimezivaa kwenye Prado 120 mwaka wa tatu sasa na sijutii. Nenda Aberdare wakati wa mvua ndefu uone. Pale ambapo A/T inazunguka bure, M/T inachimba hadi ipate kitu kigumu, inatoka. Na milimita 27 si kidogo jiwe likiwa chini ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli).

Lakini nitasema na upande wa pili, maana ameomba sababu. Ilibidi niinue gari inchi mbili na kukata plastiki ya ndani ya madigadi, kwa sababu zilikuwa zinasugua nikikata kona. Na lami ikiwa na maji, breki unaianza mapema. Kwenye ile miteremko ya kuelekea Mai Mahiu siendi nayo kwa kasi kukinyesha.

Mama wa Wawili

Kaka wa Ngong, nakubali kuhusu Aberdare. Ila huyu ndugu yetu anakwenda kwenye mawe na vumbi, na siku nyingine zote yuko kwenye lami. Na udongo mweusi wa kwetu Kitengela haumheshimu mtu. Ukilowa unajaza mapengo ya M/T mara moja, tairi inakuwa laini kama mpira wa kuchezea, sawa tu na za jirani mwenye A/T. Hapo kinachosaidia ni kutoingia.

Mimi na mume wangu tulikwenda Loiyangalani na A/T 265/65R17, watoto wawili nyuma, na hatukupata pancha hata moja. Kilichotusaidia zaidi ni upepo. Kwenye lami tulikuwa na PSI 36, maana gari lilijaa. Mawe yalipoanza tukateremsha hadi 26 na tukajifunga kutozidi kilomita 50 kwa saa. Kwenye mchanga, PSI 18. Tulipofika kwenye lami tena tukajaza kabla ya kuongeza mwendo, kwa sababu tairi yenye upepo mdogo ikikimbizwa inachemka na kupasuka. Bila kompresa ndani ya gari huwezi kufanya hayo, utabaki na 36 juu ya mawe kwa kuogopa kutojaza. Ndugu, hela ya kuinua gari nunua kompresa nzuri na kipimo cha upepo unachokiamini.

Fundi wa Industrial Area

Mzee wa Syokimau, maneno yametosha kuhusu tairi, lakini rimu hamjazigusa na ndiko watu wanakoumizwa.

Prado yako ina nati sita, zimepangwa kwenye duara la milimita 139.7. Rimu nyingi za magari makubwa zina sita za 139.7, kwa hiyo utaambiwa "inaingia." Uliza tundu la katikati. La Toyota yako ni 106.1. Likiwa dogo, rimu haikai kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Likiwa kubwa bila ringi ya kujazia, unaweza kupata mtetemo usukanini ambao hakuna balansi itakayouondoa.

Nati nazo: rimu nyingi za aloi za Toyota zinatumia nati yenye washa bapa, za chuma na nyingi za dukani zinatumia nati ya koni. Nimetoa gurudumu lililofungwa nati zisizo zake, matundu yote sita yamelika. Mwenyewe alidhani ni beringi.

Rimu ya mitumba izungushwe kwenye mashine ya balansi mbele yako kabla hujatoa pesa, na uipitishe kidole ukingo wa ndani, kwa sababu nyufa hujificha huko.

Kwenye tairi soma namba ya mzigo. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, inakutosha. Zile za LT (za malori madogo) zenye 121 zinabeba 1,450 na ubavu wake ni mgumu kweli, ila ni nzito na zinataka upepo zaidi ili zibebe uzito ule ule. Kwa mtu wa Mombasa Road siku tano, 112 ya A/T.

Swali langu ni moja: spea iko vipi? Gari lako linasukuma magurudumu yote manne muda wote. Ukifunga spea yenye kimo tofauti ukaenda nayo mbali, difu ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi bila kupumzika.

Mkaazi wa Syokimau

Asanteni sana wote. Nilikuwa nimeshaamua 17 na A/T nikisoma ujumbe wa Mama wa Wawili, na nilipanga kununua nne.

Baada ya swali la Fundi nimejilaza chini ya gari na tochi ya simu. Spea haijawahi kuguswa, vinyweleo vya kiwandani bado viko. Nikafuta vumbi nikatafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni, zinazoonyesha lini tairi ilitengenezwa: 4112. Wiki ya 41 ya mwaka 2012. Ubavu una nyufa ndogo ndogo kuzunguka pote, na hii ndiyo niliyokuwa nikiitegemea kule Shompole miaka yote hii.

Nanunua tano, na rimu tano. Fundi, Jumamosi asubuhi uko?

Fundi wa Industrial Area

Niko kuanzia saa mbili. Njoo na nati zako za sasa usizitupe, na usilipie rimu mahali popote kabla hatujaijaribu mbele.