Bledi za zamani: tubaki na ESXi, tuhamie Proxmox, au tununue Gen10 zilizotumika?

Mlinzi_wa_Raki

Habari wakuu. Ofisini tuna chesisi moja ya HPE c7000 (kabati linalobeba seva nyembamba, yaani bledi) yenye bledi za BL460c. Baadhi ni za kizazi cha nane (Gen8) zenye prosesa za Xeon E5-2600 za toleo la kwanza, zilizobaki ni Gen9 zenye E5-2600 v4. Zote zinaendesha ESXi 6.5 (programu ya VMware ya kugawa seva moja kuwa mashine pepe nyingi), ambayo huduma yake iliisha tarehe 15 Oktoba 2022. Programu dhibiti (firmware) za Onboard Administrator (inayosimamia chesisi), Virtual Connect (moduli za mtandao na storeji za chesisi) na iLO (ya kusimamia kila bledi kwa mbali) hazijaguswa kwa miaka. Wakaguzi wameshaandika hoja, na mkuu wa idara anataka pendekezo moja lenye sababu.

Naona njia tatu: kupanda hadi ESXi 7 au 8, kuhamia Proxmox VE (programu huria ya kazi ileile), au kununua bledi za Gen10 zilizotumika na kuzichomeka kwenye chesisi ileile. Storeji ni SAN ya Fibre Channel, yaani diski za pamoja ambazo bledi zote zinazifikia kupitia mtandao wake. Mngechagua ipi, na mngeanzia wapi?

SimbaMbili

Mkuu, kabla ya kubishana kuhusu programu, angalia prosesa. ESXi 8 haipokei tena E5-2600 za toleo la kwanza, zile za familia ya Sandy Bridge. Ukiweka diski ya usakinishaji, inakukatalia hapohapo. Kipo kigezo cha kuilazimisha, `allowLegacyCPU=true`, lakini hicho ni cha kujifunzia nyumbani, si cha mashine zinazobeba mfumo wa mishahara.

ESXi 7 itapanda kwenye Gen8 ikitoa onyo, ila nayo ilifika mwisho wa huduma tarehe 2 Oktoba 2025. Maana yake utafanya kazi yote hiyo na hoja ya mkaguzi itabaki palepale. Kwa Gen9, ESXi 8 inakupa hadi 11 Oktoba 2027, mradi modeli na kadi zake zimo kwenye orodha ya ulinganifu. Kumbuka pia kwamba kutoka 6.5 huruki moja kwa moja hadi 8. Lazima upitie 6.7 au 7.

Na bledi zako zinawakia wapi? Kama ni kadi ya SD ya ndani, hiyo ni sababu nyingine ya kusita. Kuanzia toleo la 7 ESXi inaandika sana kwenye kifaa inachowakia, na kadi za SD zilianza kufa mapema. Draiva za zamani za vmklinux nazo ziliondolewa kabisa kwenye 7, kwa hiyo kadi ya mtandao au ya storeji isiyo na draiva mpya haitaonekana.

Bahari_Kuu

Mimi nasema hesabu ya pesa ndiyo itakayoamua. Broadcom walikamilisha ununuzi wa VMware Novemba 2023, na Desemba hiyohiyo leseni za kudumu zikaacha kuuzwa. Sasa unalipia viini (cores) vya prosesa kwa muda maalumu, na kila prosesa inahesabiwa kuwa na viini visivyopungua 16 hata kama ina 8. Bledi yenye prosesa mbili za viini 8 inalipiwa viini 32. Nusu ya malipo ni ya viini ambavyo havipo! Na bei ni ya dola, kwa hiyo bajeti ya mwaka huu haikuhakikishii mwaka ujao.

ESXi ya bure ilirudi Aprili 2025 na 8.0 U3e, lakini haiungani na vCenter, programu ya VMware ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja. Kwa klasta (kundi la seva zinazofanya kazi kama moja) haifai.

Kasuku_wa_Tanga

Tumeshahamia Proxmox, kwa hiyo nitaeleza uzuri na ugumu wake.

Uzuri: tangu 8.2 ya Aprili 2024 kuna zana ya kuingiza mashine pepe moja kwa moja kutoka ESXi. Unaiunganisha na seva ya zamani, unachagua mashine, inavutwa. Futa kwanza picha za muda (snapshots) zilizolundikana, uizime mashine, ndipo uihamishe. Kwa Windows, sakinisha draiva za VirtIO (za diski na mtandao wa mashine pepe) mapema, uwashe mara ya kwanza kwa diski ya SATA, kisha ubadilishe. Usaidizi wa kulipia unahesabiwa kwa soketi ya prosesa, si kwa viini, na si lazima kuununua ndipo programu ifanye kazi.

Ugumu uko kwenye SAN yako. Proxmox haina kitu kama VMFS, mfumo wa faili wa VMware ambao seva nyingi hutumia kwa pamoja. Utaweka LVM (mgawanyo wa diski wa Linux) juu ya LUN (kipande cha SAN) inayoshirikiwa, utapanga multipath (njia zaidi ya moja za kufikia SAN) kwa mkono kwenye kila bledi, na utapoteza utamu wa diski zinazokua kidogokidogo. Picha za muda juu ya LVM ya aina hiyo zilikuja na toleo la 9, Agosti 2025, nazo zilitoka kama majaribio. Kama bakapu zenu zinategemea picha za muda za SAN, pimeni jambo hili kabla ya lingine lolote.

Jambo jingine: ukichanganya Gen8 na Gen9 kwenye klasta moja, weka aina ya prosesa `x86-64-v2-AES` kwa kila mashine pepe. Ukiweka v3, mashine haitawaka kwenye Gen8 kwa sababu Sandy Bridge haina AVX2, maagizo ya prosesa ambayo v3 inayahitaji. Kwa sababu hiyohiyo RHEL 10 (Linux ya Red Hat) haitaendeshwa kwenye Gen8 zako, uweke ESXi au uweke Proxmox.

Fundi_Mkongwe

Vijana, mmeruka hatua. Njia yoyote atakayochagua, programu dhibiti zinatangulia.

Mlinzi, anza na iLO 4. Kama iko chini ya 2.53, ina tundu la usalama la CVE-2017-12542: mtu anapita bila nenosiri kwa kutuma herufi A 29 kwenye kichwa kimoja cha ombi. Hilo halisubiri bajeti. Leo hii itoe iLO kwenye mtandao wa watumiaji, iweke kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa). Ukiipandisha hadi 2.70 au zaidi unapata konsoli ya HTML5, unaachana na Java.

Kisha Onboard Administrator, halafu soma maelezo ya toleo la Virtual Connect kabla ya kuligusa. Hifadhi usanidi wa domeni yake nje ya chesisi. Ukipandisha moduli, chagua mpangilio wa odd-even ili upande mmoja ubaki hai wakati mwingine unajiwasha upya, na uhakikishe mapema kwamba kila bledi ina njia pande zote mbili. Hapa ndipo chesisi nzima inaweza kunyamaza kwa mpigo, kwa hiyo fanya usiku na uwe umesimama mbele ya raki, si nyumbani kwa VPN.

Tazama pia diski za SSD za SAS, hasa za akiba kabatini. Baadhi ya modeli za HPE zenye programu dhibiti iliyotangulia toleo la HPD8 hufa zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa, na data haipatikani tena. Kundi jingine hufa kwenye saa 40,000, dawa yake ni HPD7.

Vifurushi vya SPP (mkusanyo wa programu dhibiti na draiva za HPE) vinahitaji mkataba wa huduma tangu 2014. Chonde chonde, usichukue faili kutoka tovuti za mitaani bila kulinganisha alama yake ya uhakiki na iliyochapishwa na HPE.

Kuhusu Gen10 sikubaliani nanyi mkiipuuza, inaingia c7000 vizuri. Lakini ndiyo BL460c ya mwisho. Fedha hiyo ningeiweka kwenye seva mbili tatu za raki.

Mlinzi_wa_Raki

Nashukuru sana wakuu. Nitaandika hivi: iLO inatengwa wiki hii, programu dhibiti zinapandishwa kwa awamu, Gen9 zinahamia Proxmox baada ya jaribio la SAN, na Gen8 mbili zinakuwa uwanja wa majaribio hayo. Gen10 nimeiondoa.

Kasuku_wa_Tanga

Kwa hizo Gen8 mbili, ongeza QDevice (huduma ndogo inayopiga kura ya tatu) kwenye mashine ya tatu iliyo nje ya chesisi. Klasta ya seva mbili bila kura ya tatu, moja ikizima, iliyobaki inapoteza akidi na haikubali kuwasha mashine pepe.