Binti anaanza kunyoa kwapa: wembe, krimu, jivu au halawa?

MamaNasra, Tanga
Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 13, Januari anaingia kidato cha kwanza na atakaa bweni. Juzi amejinyoa kwapa kwa wembe wa baba yake, pakavu, bila hata tone la maji. Kwapa zote mbili zimejaa vipele na moja imechanika kidogo. Aliona aibu kuniambia. Nimejua nilipoona damu kwenye blauzi wakati wa kufua. Imeniuma, maana mimi nilikuwa na somo aliyenikalisha chini na kunieleza kila kitu, na mwanangu nimemwacha ajitafutie mwenyewe. Nataka nimwelekeze kabla hajaondoka. Kwa anayeanza, kipi kina nafuu: wembe, krimu, kunyonyoa kwa jivu, au ile sukari ya ndimu? Ni kwapa hasa, ila anaulizia na miguu.

NesiWaZamu
Pole mama Nasra. Tuanze na jeraha. Paoshwe kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, pakaushwe kwa kugusisha taulo bila kusugua, asipake deodoranti, na asinyoe tena mpaka papone kabisa. Mkiona usaha, uvimbe wenye joto au akipata homa, nendeni zahanati siku hiyohiyo.

La pili ni huo wembe wa baba. Watu wengi huufikiria UKIMWI peke yake, lakini virusi vya homa ya ini B ndivyo vigumu zaidi kufa: vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza. Angalia kadi yake ya kliniki kama alimaliza chanjo za utotoni, na umweleze kwamba wembe hauazimwi, hata kwa mama, hata kwa rafiki wa kitanda cha juu. Bwenini ndiko nyembe zinakopita mkono kwa mkono.

Kwa swali lako, mimi kwa anayeanza nachagua wembe wa plastiki wa kutupa wenye makali mawili tu. Ule wa makali matano unauzwa kama bora zaidi, lakini kwa nywele zetu za kipilipili una kasoro: kali la kwanza linauvuta unywele, yanayofuata yanaukata chini ya ngozi, na ukianza kuota unajikunja na kuingia ndani. Hapo ndipo vile vipele vigumu vyenye ncha nyeusi vinapotokea.

KipepeoThika
Mimi niko Kenya, na nilianza na krimu nikiwa kidato cha pili. Mama Nasra, tafadhali usimpe mtoto krimu aende nayo shule. Ile dawa kazi yake ni kulainisha unywele mpaka ukatike wenyewe, na kile inachokilainisha kwenye unywele ndicho kilichoko pia kwenye tabaka la juu la ngozi. Kinachozuia usiungue ni dakika tu. Pakiti yangu ilisema nisizidishe dakika 10. Mimi niliiacha karibu 20, nikidhani ndiyo itatoa vizuri. Kwapa zilibabuka nikashindwa kushusha mikono siku tatu, na doa jeusi lilikaa karibu mwaka mzima.

Sisemi ni mbaya kwa kila mtu. Dada yangu anaitumia miguuni bila shida. Lakini yeye hujaribu kwanza kidogo mkononi na kungoja siku nzima, na hapaki palipokwaruzika. Msichana wa miaka 13 anayejificha bafuni huku wenzake wanagonga mlango hataangalia saa.

BibiPangani
Sisi wembe hatukuujua. Nywele zikianza tu, somo anakuja na jivu la kuni lililochekechwa, laini kama unga, anakufundisha kushika chache chache na kunyonyoa baada ya kuoga. Jivu linazuia vidole kuteleza. Ukianza zikiwa changa hazikuumi sana, na mwaka hadi mwaka zinapungua. Nina miaka 61 na kwapa langu halina doa. Mnaharakia vya dukani wakati dawa iko jikoni.

DadaMuscat
Shikamoo bibi. Huku Oman wanawake wengi wanatumia halawa, ndiyo hiyo sukari ya ndimu, na mimi nimeizoea miaka tisa. Sukari vikombe viwili, maji ya ndimu robo kikombe, maji robo kikombe, moto mdogo mpaka igeuke rangi ya asali iliyokolea. Ikipoa unaikanda, unaitandaza kinyume cha nywele zinakolala, halafu unaivuta kwa pigo moja kufuata zinakolala. Nywele ziwe na urefu wa punje ya mchele, zikiwa fupi hazishiki. Ngozi inakaa laini wiki tatu hata nne.

Lakini kwa binti wa bweni siishauri. Sukari inayochemka ina moto kuliko maji yanayochemka, na inagandia pale inapoangukia. Nimemwona jirani ameungua kifundo cha mkono, kovu liko mpaka leo. Na ukikosea kuvuta, unywele unakatikia ndani, mnarudi kwenye vipele vilevile.

Kuna mtu atauliza habari ya dini. Katika hadithi aliyoisimulia Anas, sahaba wa Mtume, muda wa mwisho wa kuacha nywele za kwapa bila kuziondoa ni siku 40. Kunyonyoa ndiyo sunna, ila wanazuoni wameruhusu kunyoa kwa asiyeweza maumivu. Kwa hiyo binti asibebeshwe hofu kwamba wembe ni dhambi, wala kwamba lazima afanye kila wiki.

NesiWaZamu
Bibi Pangani, shikamoo. Sibishani na kwapa lako. Aliyeanza mapema, taratibu, akiwa na mtu wa kumwongoza, hufika mbali na jivu. Wasiwasi wangu ni kwa huyu ambaye tayari ana michubuko: jivu lina ukali wa magadi, likiingia kwenye kidonda litawasha vibaya. Labda likizo, akiwa amepona na yuko na bibi yake.

Rukia_S
Mimi kwa madoa napaka ndimu na magadi soda, nasugua, ndani ya wiki mbili kwapa jeupe. Kuna na krimu moja ya kung'arisha inauzwa Kariakoo.

NesiWaZamu
Rukia mdogo wangu, hapana, na nasema kwa upendo. Ndimu inachoma ngozi, magadi yanaichubua, na ngozi nyeusi ikijeruhiwa hujilinda kwa kuzidi kuwa nyeusi. Ndiyo maana madoa yanarudi makubwa kuliko mwanzo. Krimu za kung'arisha ni hatari zaidi. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya, lakini mkorogo bado unauzwa vichochoroni, na zebaki huharibu figo. Doa la kunyoa huondoka lenyewe kwa miezi kadhaa ukiacha kuichokoza ngozi. Paka mafuta ya mgando au jeli ya mshubiri, basi.

MwalimuMichezo
Nafundisha netiboli, nimewaona mabinti wengi. Naomba niongeze chaguo ambalo hakuna aliyelitaja: asinyoe. Nywele za kwapa si uchafu. Jasho lenyewe halina harufu. Harufu inatoka kwa vijidudu vya kwenye ngozi vinavyolila. Anayeoga kwa sabuni kila siku na kuvaa fulana safi hanuki, awe na nywele au asiwe nazo. Shabu ya kupaka baada ya kuoga nayo inasaidia, mradi ngozi haijachubuka.

Miguu ndiyo kabisa aiache kwa sasa. Malaika, yaani vinyweleo laini vya miguuni, havimzuii kukimbia. Wanaoanza huwa wameambiwa na wenzao, na baadaye wanalia kwamba zimerudi ngumu. Kwa kweli haziongezeki wala hazinenepi. Mtafiti Mildred Trotter wa Marekani alilipima jambo hili na kuchapisha mwaka 1928. Ni kwamba unywele uliokatwa una ncha butu, kwa hiyo ukiupapasa unachoma. Lakini msichana hajui hilo, anaona amejiharibu.

MamaNasra
Nesi, ukinipa hatua za wembe nitashukuru.

NesiWaZamu
Anyoe usiku, si asubuhi, ili ngozi ilale bila jasho na deodoranti. Zikiwa ndefu azipunguze kwanza kwa mkasi mdogo. Aoge maji ya vuguvugu, nywele zilowe dakika tatu hivi. Apake povu la sabuni laini, mkono ausimamishe juu mpaka ngozi ijinyooshe. Kwapani nywele hazilali upande mmoja: za juu huelekea juu, za chini huelekea chini, kwa hiyo azitazame kabla ya kuanza. Apitishe wembe taratibu kufuata zinakolala, bila kukandamiza, na kuusuuza kila mpito. Zikibaki fupi fupi aziache, asirudie pakavu. Amalizie kwa maji ya baridi na mafuta kidogo. Wembe ukaushwe, ukae pakavu nje ya bafu, na ukianza kuvuta atupe. Sehemu za siri asiguse na wembe kwa sasa, mkasi wa kupunguza unatosha.

MamaNasra
Wiki mbili zimepita, kwapa zimepona. Nimemnunulia nyembe nne na mkasi, nimezifunga uzi mwekundu zijulikane ni zake. Miguu ameamua mwenyewe aiache. Bibi yake amesema jivu litamngoja likizo ya Juni. Jana usiku ndiyo alinyoa. Hakutaka niingie bafuni, basi nimekaa kwenye kigoda nje ya mlango, namsomea hatua za nesi moja moja, naye kutoka ndani anajibu, "Ndiyo mama, nimemaliza hiyo."