Mtoto wa meya naye awe meya? Mimi napinga katazo, nadai karatasi ya nne ya kura

Jana jioni barazani kwetu Ngamiani, Tanga, kahawa ilipoa vikombeni. Kulizuka hoja kwamba litungwe sharti: mtoto wa mtu aliyewahi kuwa meya asigombee umeya wa mji uleule. Wenye hoja wanasema cheo si shamba la minazi hata baba amwachie mwanawe. Wengi waliafiki. Mimi sikuafiki, ila adhana ya magharibi ilinikatiza, kwa hiyo naileta hoja yangu hapa tuijadili.

Mimi ni fundi baiskeli, na spana ninazotumia ni za marehemu baba. Katika mji huu wa baiskeli hakuna aliyewahi kuninyooshea kidole kwamba nimerithi kazi. Lakini leo nikikaza spoki vibaya, kesho mteja anavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine. Sioni ubaya wa mtoto kushika kazi ya baba. Ubaya nauona pale mwenye baiskeli anapokuwa hana fundi mwingine wa kumwendea.

Mzee aliyeileta hoja alitolea mfano Chicago, Marekani. Mfano ni mzuri, ila aliusimulia nusu. Richard J. Daley alikuwa meya wa jiji lile tangu 1955 hadi alipofariki akiwa madarakani, Desemba 1976. Mwanawe, Richard M. Daley, akakikalia kiti kilekile tangu 1989 hadi 2011. Ukijumlisha unapata kama miaka 43 ya nyumba moja, na hapo barazani watu waliguna. Sasa tazameni ile miaka 12 na ushei ya katikati. Mwaka 1983 mtoto aliomba kupeperusha bendera ya chama cha Democratic, akawa wa tatu katika kura za mchujo. Alitanguliwa na Jane Byrne aliyekuwa meya wakati huo, na aliyewashinda wote wawili ni Harold Washington, ambaye baadaye mwaka uleule akawa meya mweusi wa kwanza wa Chicago. Jina la baba lilikuwepo, watu wa baba walikuwepo, na bado alikataliwa. Waliomkataa ni wapiga kura wa mitaani, si kikao cha chama.

Rudini kwetu. Meya wa Tanga simchagui mimi wala humchagui wewe. Mimi namchagua diwani wa kata yangu. Halafu madiwani, wakiwemo wa viti maalumu, pamoja na wabunge wanaoingia katika baraza lao, wanajifungia ukumbini kumchagua meya miongoni mwa madiwani wenyewe. Kabla ya hapo chama kimeshampitisha diwani, kisha kimempitisha mgombea wa umeya, na mgombea binafsi sheria yetu haimtambui. Kwa hiyo mtoto wa meya hahitaji kuwashawishi watu wa Makorora, Mzingani na Chongoleani. Anahitaji watu wachache waliokula chumvi ya baba yake. Jina la ukoo linafanya kazi kubwa zaidi ndani ya ukumbi mdogo kuliko mtaani, na sharti la kuwazuia watoto halitaupanua ukumbi huo hata kidogo.

Wala simtetei yule Daley mdogo. Usiku mmoja wa Machi 2003 alituma matingatinga yakachimba njia ya kurukia ndege ya Meigs Field, kiwanja kidogo kando ya ziwa, bila kuliuliza baraza la madiwani. Mwaka 2008 jiji likakodisha mashine za kulipia maegesho ya magari (mita) kwa miaka 75, kwa dola bilioni 1.15. Madiwani waliupitisha mkataba huo siku chache tu baada ya kuletewa, kura 40 kwa 5. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa jiji akaeleza kwamba mali ile ilikuwa na thamani ya karibu dola bilioni moja zaidi. Miaka sabini na tano! Mjukuu wa aliyepiga kura ile atazeeka akilipia maegesho kwa kampuni. Nikisoma habari hii siulizi baba yake meya alikuwa nani. Nauliza wale 40 walikuwa wanamwogopa nani. Baadhi yao waliingia katika baraza la madiwani kwa kuteuliwa na yeye mwenyewe, maana sheria ya kule humpa meya nafasi ya kujaza kiti cha diwani kinapobaki wazi.

Mchangiaji, Makorora: Fundi, umesema vizuri lakini umeruka jambo. Mtoto wa meya anaanza na namba za simu za wafadhili, anaanza na wazee waliokwisha kumzoea, anaanza na picha ya baba ukutani. Mtoto wa mama ntilie pale Mgandini anaanza na nini? Unasema akataliwe na wapiga kura. Atakataliwaje ikiwa wenzake hawana hata nauli ya kuzunguka kata? Mimi bado nataka azuiliwe.

Mchangiaji, Pongwe: Ukimzuia mtoto, ataletwa mpwa. Ukimzuia mpwa, ataletwa mkwe. Sharti hilo tutaliandika mpaka karatasi ziishe.

Mwenye mada: Ndugu yangu wa Makorora, hapo umenishika, na sitaki kujifanya sijashikwa. Jina ni mtaji. Chukua New Orleans, mji mwingine wa Marekani: Moon Landrieu alikuwa meya tangu 1970 hadi 1978. Mwanawe Mitch aligombea 1994 akashindwa, akagombea 2006 akashindwa, akaupata umeya 2010. Lakini aliyeshinda ule wa 1994 ni Marc Morial, naye ni mtoto wa meya! Baba yake, Ernest Morial, ndiye aliyempokea kiti Landrieu mkubwa 1978. Mfano huu unakata kuwili. Unaonyesha watoto wa wakubwa wanaangushwa, na unaonyesha pia kwamba anayewaangusha huenda akawa mtoto wa mkubwa mwingine. Mtoto wa mama ntilie hayumo katika hesabu hiyo, na hilo linaniuma kama linavyokuuma wewe.

Kwa hiyo nakubali kusogea hatua moja. Pawe na muda wa kupoa: baba akiondoka, vipindi viwili vya miaka mitano vipite kabla mwanawe hajagusa fomu ya umeya. Chicago wapigakura walijipatia miaka yao 12 na ushei bila sheria. Sisi tuiandike. Katazo la maisha bado nalikataa, kwa sababu linamhukumu mtu kwa tumbo alilotokea, na kwa sababu ile ya ndugu yetu wa Pongwe.

Ila muda wa kupoa peke yake hautoshi ikiwa mlango unabaki uleule. Siku ya uchaguzi mkuu naingia kituoni napewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge, ya diwani. Naomba ya nne, ya meya. Na diwani abaki na kazi moja tu ya kumsimamia meya huyo, asiwe yeye aliyempa kiti usiku halafu asubuhi tunamtegemea amhoji.

Wa Makorora, ukipewa karatasi hiyo ya nne na ule muda wa kupoa, bado utataka katazo?