Juno-106, Polysix au Minilogue mpya: nichukue ipi? Nipo Mbeya

Mtoto_wa_Uyole: Ugonile wakuu. Nataka sintesaiza ya analojia (kinanda kinachotengeneza sauti kwa saketi za umeme, siyo kwa kompyuta), siyo kinanda cha midundo. Kuna jamaa kashusha mzigo wa mtumba kupitia Tunduma, ana Roland Juno-106 na Korg Polysix. Rafiki yangu wa Dar anasema niachane na vikongwe, niagize Korg Minilogue mpya. Jamaa anataka jibu kabla ya Jumapili. Nichukue ipi?

FundiWaya: Umeuliza nusu swali. Bajeti yako kiasi gani? Utapigia studio au jukwaani? Umeziona zikiwashwa au umetumiwa picha tu WhatsApp? Za volti ngapi? Bila hayo tutakupigia ramli.

BabaKwaya: Nunua Yamaha PSR, mdogo wangu, ulale usingizi. Ina piano, ina strings, ina midundo. Hiyo Juno hata mguso haina: ubonyeze kwa nguvu, ubonyeze taratibu, sauti ni ile ile.

Mtoto_wa_Uyole: @BabaKwaya shikamoo. Siyo ya kwaya, ni ya studio ndogo ya chumbani, pale Mafiati.

Sae_Sound: Juno-106, mjadala umefungwa. Ile kolasi yake (inayonenepesha sauti) hakuna plugini ya kompyuta inayoifikia. Tena ina MIDI (njia ya vyombo kutumiana noti), unaichomeka kwenye kompyuta unaendelea na kazi. Polysix ya 1981 MIDI haina kabisa.

FundiWaya: Sawa, lakini mwambie na ugonjwa wake. Juno-106 ni ya 1984, inatoa noti sita kwa pamoja, na kila noti ina chipu yake iitwayo 80017A yenye filta (inayochuja mlio) na kikuza sauti ndani. Chipu hizo zimefunikwa na utomvu mgumu ambao ukizeeka unavujisha umeme. Noti moja inakufa, au inakwaruza, au inalia hata hujaigusa. Kuna wanaozichomoa na kuziloweka kwenye asetoni mpaka utomvu utoke, nyingine zinafufuka. Namna ya kuipima: shika noti sita kwa pamoja, achia moja moja, sikiliza ipi inachechemea.

Sae_Sound: Na Polysix je? Mbona husemi?

FundiWaya: Nilikuwa nakuja huko. Polysix ina betri ndogo imechomelewa kwenye bodi ili kutunza kumbukumbu. Ikikaa miaka mingi inavuja, maji yake yanakula njia za shaba. Ukifungua ukakuta ukungu wa kijani kuzunguka betri, funga skrubu zake, aga vizuri, ondoka. Kama bodi ni safi, mimi binafsi naipenda Polysix kuliko Juno. Ile filta ya SSM2044 ina unene wake.

Kilima_cha_Chai: Naomba niweke yangu hapa, maana mnaongelea chipu wakati balaa lenyewe liko kwenye waya wa ukutani. Nilinunua sintesaiza ya Kijapani ya miaka ya 80 kwa muuzaji ambaye simtaji. Nyuma, pale penye kibandiko cha volti, palikuwa pamekwanguliwa, juu yake pameandikwa 220 kwa maka. Nikamuuliza, akaapa kwa mama yake mzazi. Nikaibeba mpaka Tukuyu kwenye kosta, imeviringishwa blanketi, nimeipakata kama mgonjwa. Nikachomeka. Taa zikawaka vizuri, nikapiga noti mbili tamu kweli, ya tatu ikaja na muungurumo, mara harufu ya vanishi inayoungua imejaa chumba. Ilikuwa ya soko la Japani, volti 100, na hapa ukutani ni 230. Muuzaji simu hapatikani. Fundi wa kwanza akafungua kila kitu, bodi zote akazitia kwenye kiroba, hakuandika waya upi unaingia wapi. Fundi wa pili akaangalia kiroba, akaniangalia mimi, akaagiza chai. Mpaka leo boksi liko kwa shemeji, watoto wanalikalia wakitazama mpira.

Sae_Sound: 😂😂 akaagiza chai! Pole sana mkuu.

Kijana_Mafinga: Mnahangaika bure. Analojia bora kuliko zote ni Yamaha DX7.

FundiWaya: DX7 siyo analojia!! Ni dijitali, inatumia FM (mlio mmoja unautikisa mwingine), kazi ya John Chowning wa Stanford. Tena ndiyo iliyoanza kuziua analojia mwaka 1983: noti 16 kwa chini ya dola 2,000, wakati Jupiter-8 ya Roland, analojia yenye noti nane, ilikuwa inapita dola 4,000.

Kijana_Mafinga: Sauti ni sauti, mzee.

Mzee_wa_Bendi: Kamwene wote, nawasalimu kutoka Iringa. Mnabishana bila kujua kwa nini vitu hivi vilikuwa ghali. Minimoog ya 1970 ilitoa noti moja tu, ukibonyeza mbili unapata moja. Kila noti inataka osileta yake (inayozalisha mlio), filta yake na kikuza sauti chake, kwa hiyo ukitaka noti nne unajenga sintesaiza nne. Tom Oberheim alifanya hivyo hivyo mwaka 1975. Alipanga moduli nne kamili ndani ya boksi moja, na mpigaji alihangaika kuzifananisha moja baada ya nyingine ili zitoe sauti ile ile. Yamaha CS-80 ilifikisha noti nane, lakini ilipita kilo 80. Ile mnabeba watu wawili na mmoja anashinda analalamika mgongo. Prophet-5 ya 1978 ndiyo ilituliza mambo: Dave Smith aliweka mikroprosesa ndani, isome kibodi na itunze sauti 40. Unabonyeza kitufe, sauti uliyoitengeneza jana inarudi. Kabla ya hapo tulikuwa tunaona wenzetu wanachora kwenye karatasi kila kifundo kimekaa wapi.

Sae_Sound: Heshima yako mzee. Lakini ya kwanza ya noti nyingi si Hammond Novachord? 1939, valvu 163, unabonyeza funguo zote 72 na zote zinalia.

Mzee_wa_Bendi: Hiyo ni organi iliyovaa suti. Osileta 12 tu, noti za chini zinapatikana kwa kugawanya za juu.

Sae_Sound: Organi gani ina filta, na kila ufunguo una namna yake ya kupanda na kufifia?

Mzee_wa_Bendi: Organi iliyovaa suti ya gharama.

BabaKwaya: PSR.

Mtoto_wa_Uyole: Ndaga fijo wakuu. Bajeti ni milioni moja na laki nane. Juno anataka milioni mbili, Polysix milioni moja na nusu. Sijaziona zikiwashwa, anasema waya zake ziko kwenye mzigo unaofuata. Halafu nilisahau: Jumamosi huwa napiga na bendi kwenye maharusi.

FundiWaya: Sasa ndiyo unasema maharusi?? Polysix osileta zake zinafuata joto. Ipeleke kwenye hema asubuhi ya Juni na baridi la Uyole, itaanza kupotea kabla bibi harusi hajaingia. Juno haina shida hiyo, osileta zake zinaongozwa na saa ya kidijitali, tyuni haitembei. Na mzigo ambao "waya ziko nyuma" kwangu ni mzigo mbovu.

Dada_Kabwe: Mbona Minilogue mmeitupa? Ni ya 2016, analojia kweli, sauti 200 kwenye kumbukumbu, nyepesi, unaipakata kwenye bodaboda. Ina mguso pia, BabaKwaya. Kasoro ni noti nne tu kwa pamoja, na funguo 37 nyembamba. Mwenye vidole vinene atateseka.

Sae_Sound: Noti nne, dada? Ukipiga kodi kwa mkono wa kulia, besi unapigia wapi?

Dada_Kabwe: Besi anapiga mpiga besi, bendi si anayo.

Kilima_cha_Chai: Vyovyote utakavyochukua, nenda na taa, bisibisi na mita ya umeme. Asipokuruhusu kufungua, ondoka.

Mtoto_wa_Uyole: Naenda kesho mchana. Kaniambia kuna mtu wa Makambako naye anakuja kuziangalia.

Sae_Sound: Huyo mtu wa Makambako yupo kwenye kila biashara ya Mbeya. Hata friji langu alikuwa anakuja kuliangalia.

Kijana_Mafinga: @FundiWaya samahani, unatengeneza na mikisa? Yangu chaneli tatu hazitoi.

FundiWaya: Ilete. Ila usiilete kwenye kiroba.