Kilo 72 kwa 72, gauni moja linaingia, lingine linagoma. Wadada na mafundi naombeni ushauri

binti_wa_Uyole:
Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao hapa Mbeya, na mimi ndiye niliyekabidhiwa magauni ya wasindikizaji wa bi harusi. Tuliagiza ya satini kutoka China kupitia mtu wa Kariakoo, yamefika juzi. Sasa wawili kati yao wana kilo 72 wote, wote nimewachukulia XL. Mmoja limemkaa kama ameshonewa. Mwingine limekwama kwenye mapaja, halipandi halishuki, tumelitoa kwa shida hadi zipu imeng'oka meno. Swali: inawezekanaje watu wa kilo sawa wasivae saizi moja? Au kuna mtu ananidanganya hapa? Sina usingizi. Matusi sitaki.

Mzee_wa_Kijiwe:
Weka picha ya aliyekwama tupate kushauri vizuri.

Parachichi_la_Rungwe:
Mwezi ujao na baridi hii, satini mabega wazi? Dada, gauni kubana ndiyo afadhali yao. Kawanunulie masweta.

Mama_Wawili:
Mimi siku zote nasema harusi za siku hizi ni mashindano. Sisi tulivaa vitenge, kila mtu akashona kwa fundi wake, na ndoa ina miaka sasa. Ila nikwambie, mimi kabla ya kuzaa nilikuwa na kilo 64. Baada ya mtoto wa pili nimerudi 64 ile ile, sketi zangu zote hazifungi kiunoni. Mizani inasema sijabadilika, kioo kinasema vingine. Mume wangu eti "mbona uko vilevile". Hawa watu hawa.

Chuma_Iringa:
Jibu ni rahisi, mmoja ana misuli mwingine ana mafuta. Misuli ni mizito ila haichukui nafasi. Mpeleke mazoezini huyo wa pili.

Nesi_wa_Zamu:
Chuma, hiyo ni kweli lakini mnaikuza. Kilo 10 za mafuta ni kama lita 11, kilo 10 za misuli ni kama lita 9 na nusu. Tofauti ni lita moja na nusu, tena imegawanyika mwili mzima. Gauni kukwama mapajani linataka sababu nyingine: urefu wa mtu, upana wa mifupa ya nyonga, na mafuta yake mwili umeamua kuyaweka wapi. Mwingine yanakwenda kifuani na tumboni, mwingine yote yanashuka kwenye hips na mapaja. Hilo huchagui, ni la ukoo. Kilo zake ni zilezile.

Kapu_la_Mwanjelwa:
Nauza mitumba Mwanjelwa, wateja wangu nawaambia kila siku: lebo isomeni mkishavaa. Belo moja likifunguliwa unakuta gauni la Uingereza limeandikwa 12, la Marekani la upana uleule limeandikwa 8, la nchi nyingine za Ulaya 40, la Italia 44. La China limeandikwa XL na linamkaa mtu wa M. Juzi mama kakataa gauni zuri kabisa kwa sababu limeandikwa 18, eti yeye ni 14. Nikaikata lebo, akarudi mwenyewe akalinunua.

Mwalimu_Mstaafu:
Kapu umesema kweli, na hii fujo ina historia. Mwaka 1939 na 1940 idara ya kilimo ya Marekani (ndiyo, kilimo) iliwapima wanawake karibu 15,000 ili viwanda vipate vipimo vya pamoja. Walikuwa wa kujitolea, karibu wote wazungu. Kutokana na kazi ile, mwaka 1958 serikali yao ikatoa viwango rasmi vya saizi, na mwaka 1983 ikavifuta. Viwanda havikulazimishwa. Vikagundua kwamba mwanamke akiingia kwenye namba ndogo anafurahi na ananunua, basi namba zikawa zinashuka nguo zikipanuka. Namba 8 ya 1958 kifua chake kilikuwa inchi 31. Namba 8 ya huko leo inakaribia inchi 36.

Mzee_wa_Kijiwe:
Mwalimu asante, ila picha bado.

Fundi_Mafinga:
Dada Uyole, swali moja. Ulipoagiza ulipima watu kwa tepu au ulituma nini?

binti_wa_Uyole:
Nilituma taarifa zote muuzaji alizotaka.

Fundi_Mafinga:
Taarifa gani?

binti_wa_Uyole:
Jamani. Muuzaji ana jedwali lake, limeandikwa kilo 65 hadi 72 ni XL. Akaomba kilo, nikatuma kilo. Na sikubahatisha, wote niliwapeleka kwa yule kijana mwenye mizani pale Kabwe, mia mbili mia mbili kila mtu, nikiangalia kwa macho yangu. Mngekuwa ninyi mngefanyaje na muda umebana?

Mama_Wawili:
Kwa hiyo hakuna aliyekudanganya. Ulisimama kwenye mizani mwenyewe. Sasa usingizi unakosa kwa nini?

binti_wa_Uyole:
Kwa sababu huyo aliyekwama ni wifi yangu. Na nilishamwambia kaka amwambie mkewe kwamba atakaa meza ya zawadi, gauni atavaa jirani yetu. Sasa kaka hapokei simu. Lakini mimi sikumfukuza mtu! Meza ya zawadi ni heshima, inataka mtu wa kuaminika. Na yeye alipaswa kuniambia mapema kwamba hips zake ziko vile.

Nesi_wa_Zamu:
Alipaswa kukuambia? Hips zinaonekana dada yangu, hata kwa mtu aliyepita na bajaji.

Parachichi_la_Rungwe:
😂😂 Meza ya zawadi ni heshima, basi kaa wewe.

Tunduma_Mpakani:
Nyie mnajibu tu. Mimi naona hii chai. Jana tu kulikuwa na uzi wa magauni, leo huu, na kila mara fundi anatokea katikati na swali lake la tepu. Subirini, ataweka namba ya simu sasa hivi. Mleta uzi na fundi ni mtu mmoja, hili ni tangazo.

Chuma_Iringa:
Kweli bwana, zipu iling'oka meno halafu hakuna hata picha ya zipu?

Fundi_Mafinga:
Mimi niko Mafinga, yeye Mbeya. Hapo katikati kuna Makambako, kuna Igawa, kuna mafundi wangapi wa kumfikia kabla yangu? Namba siweki, kazi ninazo hadi Desemba. Dada, kama tatizo ni la kweli chukua tepu, pima wote wawili na hilo gauni, andika hapa.

binti_wa_Uyole:
Nimepima, haya. Rafiki wa bi harusi: urefu sentimita 173, kifua 97, kiuno 80, hips 103. Wifi: urefu 157, kifua 93, kiuno 82, hips 113. Gauni hips 106. Wifi nimempima kwa kuvizia, mama kamshikilia kwa mazungumzo. Mtunzi wa chai hawezi kutunga aibu kama hii.

Tunduma_Mpakani:
Hapo kwenye kuvizia nimeanza kuamini kidogo.

Fundi_Mafinga:
Sasa mnaona. Kilo zilezile, mmoja kampita mwenzake sentimita 16. Mrefu uzito umegawanyika kwenye urefu, mfupi umekaa kwenye mzunguko. Mwili 113, ongeza 5 za kukaa na kupanda gari, unataka 118. Gauni lina 106, umepungukiwa 12. Kufumua pembeni hakusaidii, mishono ya kiwandani wanaacha sentimita moja tu. Ila wifi ni mfupi, gauni litamzidi chini kama sentimita 14, si ndiyo? Usikate ukatupa. Hicho kipande cha pindo ndicho kitambaa chako, rangi ileile. Toa vipande viwili vya upana wa 8, weka kimoja kila upande kuanzia chini ya kwapa, kikipungua kiunoni na kufunguka kwenye hips. Angalizo: satini ukiigeuza uzi inang'aa tofauti, kwa hiyo kipande kikae kabisa chini ya mkono, kisitokeze mbele. Zipu iliyokufa toa, weka vitanzi na kamba za kukaza mgongoni.

binti_wa_Uyole:
Asante fundi. Lakini jirani nilishamwambia, na ameshanunua viatu.

Mama_Wawili:
Jirani ndiye akae meza ya zawadi, na viatu vyake. Mpigie wifi mwenyewe, achana na kaka.

binti_wa_Uyole:
Nitampigia. Naanzia wapi sasa, kwenye meza au kwenye gauni?

Mzee_wa_Kijiwe:
Anzia kwenye picha.