Naomba ushauri: vitumbua vya marehemu mama vinanigomea

Habari zenu wakuu, na dada zangu wa jikoni nyie ndo nawategemea zaidi. Mama yetu alifariki mwaka jana, sisi watu wa Tanga, na kwake kila Jumapili asubuhi ilikuwa lazima vitumbua na chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, hata uwe umeoa unakuja tu. Sasa hiyo kazi nimeichukua mimi kitinda mimba na ninachopika jamani ni mawe. Mchele naloweka usiku, asubuhi nasaga kwa blenda na tui, iliki, sukari na hamira, naacha mpaka uumuke, lakini katikati vinabaki vibichi na vinagandia kwenye chuma, chuma kilekile cha mama kimekuwa cheusi tii. Yeye hata hakuwa anapima, anachovya kidole tu anasema "bado huu".

Dada anasema tununue vya jirani yaishe, na ni vizuri kweli, ila mzee anakula kimoja anainuka, vyangu vibovu anamaliza sahani huku ananiambia mama yako alikuwa anaweka wali kidogo. Wali uliopikwa?? Maana mzee mwenyewe jikoni alikuwa haingii.

Kuna anayeijua hiyo ya wali, unaweka kiasi gani kwa kilo ya mchele, na gesi inafaa au mpaka mkaa? Jumapili hii wajukuu wote wanakuja.