Naomba ushauri: video ya kiwanda cha chai Mufindi, nianzie wapi?

Wakuu habari za humu. Mimi nashuti harusi na sendofu hapa Mafinga, sasa kuna kiwanda cha chai wanataka video ya dakika tano ya kuwaonyesha wanunuzi wa nje. Harusi we unamfuata bibi harusi tu mambo yanakuja yenyewe, ila hii naona lazima kwanza nikae na meneja uzalishaji niandike skripti alafu nizunguke kiwandani bila kamera nijue mashine ipi inawaka saa ngapi, maana majani yakitoka shamba yananyaushwa masaa mengi tu, mara nyingi usiku kucha, ndo yaende kukatwa, yaachwe yabadilike rangi, yakaushwe na kuchekechwa, sasa ukienda mchana mmoja ukategemea kupata yote umeumia.

Sauti nimeamua maelezo nirekodi pembeni baadae, mle ndani hamsikilizani kabisa. Taa zao za tyubu nitaweka shata (muda kamera inapokea mwanga kwa kila picha) sekunde 1/50 zisichezecheze kwenye video, umeme wetu si hetzi 50.

Ninapokwama: droni ya kupiga mashamba kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) natafuta mimi au mteja? Na bei mnapigaje, kwa siku ya kushuti au kazi nzima? Bosi wao kashaanza "tutarekebisha mbele ya safari", mi najua hiyo lugha, so kwenye mkataba marekebisho mnaruhusu mara ngapi kabla hamjaanza kuchaji? Waliowahi kufanya za viwandani nisaidieni, wa "njoo inbox" pita hivi.